Kisiwa Kilichonunuliwa kwa Nguo

(Somo la Historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni)

Natumaini kila mmoja amekwisha kupata mahali pa kukaa, na madaftari yako tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya Tanzania ukutani. Sasa tafuteni Dar es Salaam. Mkiisha kuiona, shukeni kwa kidole kufuata pwani ya kusini, mpite mahali mto Rufiji unapoingia baharini. Mbele yake mtaona jina la Kilwa.

Kilwa ni tatu. Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko ziko bara. Ya tatu ni Kilwa Kisiwani, nayo ndiyo ya zamani kuliko zote. Huko ndiko tutakakokwenda leo.

Lakini kabla hatujaondoka, nina jambo la kukiri mbele yenu. Miaka michache iliyopita nilifundisha darasa moja habari za Kilwa. Niliandika ubaoni: "Mji wa Kilwa ulijengwa na Washirazi waliotoka Uajemi." Wanafunzi wakanakili, nami nikafuta ubao. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi nilipokuwa mdogo, na hivyo ndivyo nilivyofundisha. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima, mwashi kwa kazi yake, akanyosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, na sisi wakati huo tulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba siku moja tutakwenda tukaangalie wenyewe. Somo la leo ni habari ya safari hiyo.

KUVUKA

Tulikuwa watu wanne. Alikuwako yule mwashi mwenye swali lake. Alikuwako mama mmoja mchuuzi wa samaki, na fundi cherehani mmoja, mtu wa maneno machache. Wa nne nilikuwa mimi. Tulilala Kilwa Masoko, na asubuhi tukachukua kibali cha kutembelea magofu, maana huwezi kuingia huko bila kibali. Kisha tukashuka gatini tukapanda mashua.

Kutoka gatini unakiona kisiwa waziwazi. Unaona minazi, unaona na ngome imesimama karibu na maji. Safari yenyewe ni fupi; upepo ukiwa mzuri hata hujaanza kuchoka umekwisha fika. Mama mchuuzi alimwuliza nahodha kama maji yakipwa mtu anaweza kuvuka kwa miguu. Nahodha akacheka. "Hapa, mama? Hapa meli kubwa hupita." Naye alisema kweli. Bandari ya Kilwa ni ya asili, na maji yake yana kina kirefu. Kumbukeni neno hilo la nahodha, tutalihitaji.

Ufukoni alitupokea mzee mmoja wa kisiwani ambaye huwatembeza wageni. Kisiwa hakikuhamwa, wapo wavuvi na wakulima wanaoishi pale hata sasa, na watoto wao hucheza karibu na kuta za kale.

"Shikamoo, babu," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni Kisiwani. Kaeni kwanza kivulini. Magofu hayakimbii."

HADITHI YA NGUO

Tukaketi chini ya mti, na mzee akatupa hadithi kama alivyoipokea kwa wazee wake.

Alisema hapo kale kisiwa kilikuwa chini ya mzee aitwaye Mrimba, pamoja na watu wake. Siku moja ikaja jahazi kutoka mbali, na ndani yake mkuu wa Kishirazi na watu wake na mali yake. Mgeni akaomba mahali pa kukaa, akapewa. Akaitaka nchi, akaambiwa alete nguo. Basi mgeni akatandaza nguo mpaka zikakizunguka kisiwa chote, na Mrimba akazipokea. Mgeni akamwoa binti Mrimba. Kisha Mrimba akahamia bara. Baadaye mgeni aliogopa kwamba mkwewe atarudi na jeshi, kwa kuwa siku zile, maji yakipwa, watu walivuka kwa miguu. Akasoma Kurani, na bahari ikajaa palepale, isipwe tena hata leo.

Fundi cherehani alikuwa akihesabu kwa vidole. "Babu," alisema, "mimi kazi yangu ni nguo. Kuzunguka kisiwa hiki chote! Hata ukikusanya maduka yote ya mjini, hayatoshi."

Mzee hakukasirika. "Mwanangu, mimi sikuzipima. Nimekwambia nilivyoambiwa."

Hilo ni jibu la mtu mwaminifu, wasikilizaji, na sisi sote tujifunze kwake.

Hadithi hii haiko midomoni tu. Iko pia katika vitabu vya zamani. Mwandishi wa Kireno, João de Barros, alichapisha habari za wafalme wa Kilwa mwaka 1552. Tena iko tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala yake iliyobaki ilinakiliwa Unguja mwaka 1877. Vitabu hivyo vinasimulia habari ya mtoto wa mfalme wa Shirazi, Ali bin Hasan; kile cha Kiarabu kinasema kwamba yeye, babaye na nduguze walikuja na merikebu saba, kila moja ikatia nanga mahali pake. Katika kitabu cha Kiarabu, hakuna dua iliyoijaza bahari. Inasemwa kwamba wageni walichimba mfereji mahali watu walipokuwa wakivukia, maji yakaingia yasitoke.

Sasa rudini kwenye neno la nahodha. Mkondo unaopitisha meli haukuchimbwa kwa majembe. Basi sehemu hii ya hadithi hatuwezi kuishika kuwa ni historia. Lakini tusiitupe hadithi yote kwa sababu ya sehemu moja. Mvuvi hatupi wavu mzima kwa sababu ya tundu moja.

MSIKITI MKUU

Kutoka pale tulikwenda kwenye Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, nayo ni ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu ya kusini, iliyo kubwa, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa tena katika karne ya 15. Leo sehemu kubwa ya paa haipo, lakini zipo nguzo nyingi zimesimama safu kwa safu, na juu yake matao, na baadhi ya kuba. Ukisimama katikati hupendi kusema kwa sauti kubwa.

Mwashi wetu hakusema neno kwa muda mrefu. Aligusa ukuta. Aliinama akatazama pale chokaa ilipobanduka. Kisha akatuita.

"Tazameni. Hili ni tumbawe, jiwe la baharini. Likitolewa majini bado bichi, huwa laini, unalichonga utakavyo. Likikaa juani linakuwa gumu. Ndiyo maana pembe hizi zimechongwa vizuri namna hii. Na hii chokaa ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Babu yangu alikuwa akichoma chokaa namna hiyohiyo."

Tukaenda kwenye magofu ya nyumba. Vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Mama mchuuzi akauliza kwa nini matajiri walikaa katika vyumba vyembamba hivyo.

"Kwa sababu ya boriti, mama," mwashi akamjibu. "Dari ya mawe ni nzito. Inabebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi urefu zaidi ya ule ulioumbwa nao. Upana wa chumba ni urefu wa boriti."

Hapo nikaona kwamba mimi mwenye cheti cha chuo nilikuwa nimezisoma kuta hizi vitabuni tu, na mwashi alikuwa akizisoma zenyewe. Ujuzi ule wa tumbawe, chokaa na mikoko ni ujuzi wa pwani. Hatukatai kwamba fundi hujifunza kwa fundi, na huenda mafundi wa ng'ambo walileta mitindo yao. Lakini mawe yametoka katika bahari hii, boriti zimetoka katika mikoko hii.

UTAJIRI ULITOKA WAPI?

Labda mnajiuliza: watu wa kisiwa kidogo walipata wapi mali ya kujenga hivyo?

Jibu ni upepo na dhahabu. Mnajua kwamba pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na kusi huvuma kutoka kusini. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka kwa kaskazi, yakarudi kwao kwa kusi. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa mahali ambapo jahazi liliweza kufika na kurudi katika msimu mmoja. Lakini dhahabu ilikuwa mbali zaidi. Ilitoka katika nchi ya juu ya Zimbabwe, ikaletwa pwani hadi Sofala, ambayo leo imo katika Msumbiji. Basi watu wa Kilwa waliishika njia ya Sofala. Dhahabu na pembe za ndovu zikapanda mpaka Kilwa. Nguo, ushanga na vyombo vya udongo vya China vikashuka. Kila kilichopita kililipiwa ushuru.

Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na pande mbili zikiwa na vina. Sarafu moja ya Kilwa ilipatikana huko Zimbabwe Kuu. Tena mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na tano kati yake zikatambuliwa kuwa ni za Kilwa. Zilifikaje huko? Bahari haijatuambia.

Fundi cherehani naye alipata la kumfurahisha. Nilimweleza kwamba wachimbaji walipata Kilwa vigae vya udongo vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vilitumika kusokotea uzi wa pamba. Yaani watu wa Kilwa hawakuvaa nguo za wageni tu. Walisokota uzi wao hapahapa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe kazi yangu ni ya zamani hapa."

HUSUNI KUBWA

Mchana tulikwenda mashariki ya mji wa kale, kwenye ncha ya mwamba inayotazama bahari. Hapo pana jumba liitwalo Husuni Kubwa. Neno husuni asili yake ni Kiarabu, maana yake ngome, lakini hili lilikuwa kasri ya mfalme. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wachimbaji walipata hapo jiwe lenye maandishi ya jina lake. Lina vyumba zaidi ya mia, viwanja vya ndani, ngazi za kushukia baharini, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mama mchuuzi aliketi ukingoni mwa birika, akasema, "Leo na mimi ni mke wa sultani. Nileteeni maji." Tulicheka sana, hata babu.

Huyo sultani tunaye shahidi aliyemwona kwa macho. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Aliusifu mji kuwa ni miongoni mwa miji mizuri kabisa. Alisimulia kwamba sultani alikuwa mkarimu mno, hata watu wakampa jina la Baba wa Vipaji. Siku moja, alipokuwa akitoka katika sala ya Ijumaa, maskini mmoja alimwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa yule maskini kwa kumpa watumwa kumi. Watu wakalisifu sana jambo hilo. Sultani alipopata habari, akaamuru maskini aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Niliisimulia habari hiyo pale ukingoni mwa birika. Mama mchuuzi aliacha kucheka. Akasema, "Nguo moja, watu ishirini."

Hakuna aliyeongeza neno. Nami nawaomba, ndugu wasikilizaji, msilisahau neno la mama huyo. Tukisifu mawe mazuri, tukumbuke na wale waliohesabiwa kama mizigo.

Lakini liko jambo jingine katika maneno ya Ibn Battuta. Alisema kwamba wengi wa wakazi wa Kilwa walikuwa Wazanji, watu weusi sana wenye chale usoni. Ndivyo wasafiri wa Kiarabu walivyowaita watu wa pwani yetu. Nilipoyasoma maneno hayo kwa sauti, mwashi alinitazama. Hakusema kitu. Nilijua anafikiri nini.

GEREZA

Jioni tulirudi ufukoni, kwenye ile ngome tuliyoiona kutoka Masoko. Watu huiita Gereza. Yote iliyosimama leo karibu ni kazi ya Waarabu wa Omani, ya yapata mwaka 1800, lakini ilijengwa mahali ilipokuwapo ngome ya Wareno.

Wareno walikujaje? Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa mji kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitumiwa kutengeneza chombo cha kanisa kilichomalizika mwaka 1506, nacho kimo hata leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Julai 1505 akaja Francisco d'Almeida. Mji ukatekwa, nyumba zikaporwa, mtawala akakimbia, na Wareno wakaweka mtu wao na kujenga ngome. Lakini biashara iliyokuwa roho ya mji ilikuwa imekatwa, na mwaka 1512 Wareno wenyewe wakaiacha ngome wakaenda zao. Kilwa haikupata tena nguvu yake ya kwanza.

Katika karne ya 18 mji uliinuka kidogo, lakini kwa biashara mbaya. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alipatana na Mfaransa mmoja, Morice, kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walitoka bara. Majina ya sultani na ya Morice yameandikwa katika mkataba. Majina ya wale elfu hayakuandikwa.

JIBU LA SWALI

Jua lilikuwa likishuka tulipokaa tena na babu. Mwashi akasema, "Mwalimu, tumetembea kutwa. Sasa nijibu."

Nikamjibu hivi.

Mchimbaji wa mambo ya kale huisoma ardhi kama sisi tunavyosoma kitabu, ila yeye huanza ukurasa wa mwisho. Tabaka la juu ni la juzi, la chini ni la kale. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, mtaalamu aitwaye Neville Chittick alichimba Kilwa, na mwaka 1974 akachapa kitabu kikubwa juu ya aliyoyapata. Chini kabisa, chini ya misikiti na nyumba za mawe, palikuwa na kijiji cha yapata mwaka 800. Palikuwa na vyungu vilivyofinyangwa hapahapa, mavi ya chuma iliyofuliwa, mifupa ya samaki, na udongo wa nyumba za miti. Hao walikuwa wavuvi, wafua chuma na wafinyanzi, na walikuwako kabla ya sultani yeyote wa Kishirazi.

Ushahidi wa pili ni wa karibuni. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji kadhaa ya pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa. Ndani ya mifupa wanatafuta chembe za urithi, zile ambazo mtoto huzipata kwa baba na mama. Waliona kwamba damu zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Upande wa mama, karibu wote walikuwa Waafrika. Upande wa baba, wengi walitoka Uajemi, nchi ambayo leo huitwa Irani. Sharti tuangalie: waliopimwa wengi ni watu wa makaburi ya heshima, si watu wote wa miji.

Nilipofika hapo, babu aliinua mkono.

"Mwanangu, na mimi nilikuambia nini asubuhi? Si nilikuambia alimwoa binti Mrimba?"

Wasikilizaji, nilinyamaza. Ni kweli, alituambia. Hadithi ilikuwa imesema siku zote kwamba kisiwa kilikuwa na wenyewe. Mtu hanunui nchi isiyo na mwenyewe. Hakuna wa kumpa nguo. Hata ile tarehe ya Kiarabu inasema kwamba wageni walipofika walimkuta Mwislamu mmoja, Muriri wa Bari, pamoja na watoto wake, na msikiti ulikuwapo tayari. Huyo ndiye aliyekuwa mkalimani kati yao na mkuu wa bara.

Basi kosa langu ubaoni halikutoka katika hadithi. Lilitoka katika kuisikiliza nusu. Tulimsikia yule aliyekuja na jahazi, tukamwacha yule aliyempokea. Tukalishika jina la mume, tukalipoteza jina la mke. Mpaka leo mimi silijui jina la binti Mrimba.

Nikamwambia mwashi, "Uliuliza wakati huo sisi tulikuwa wapi. Tulikuwa hapa."

Mwashi akatazama ukuta wa Gereza, kisha akamtazama babu, ambaye ukoo wake hujihesabu kuwa wa Kishirazi. "Basi mimi na babu ni jamaa," alisema.

"Kwa upande wa mama," babu akajibu. "Na huo ndio usiokanwa."

KAZI YETU

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na Unesco katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa kuwa mawimbi, mvua na mizizi vilikuwa vikiyaangusha. Kazi ya kuyatengeneza ilifanyika, wenyeji wakishiriki, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Lakini bahari haipumziki. Mkienda, msichukue jiwe, msipande juu ya kuta, wala msiandike majina yenu ukutani. Mwenye kujua kuandika ana daftari.

Na neno hilo la daftari ndilo nililotaka kumalizia. Ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Karibu na kila mmoja wenu pana mahali penye hadithi: pango, mbuyu, kaburi la kale, kisima, kilima. Na karibu na mahali hapo yuko mzee anayeijua hadithi. Nendeni mkamsikilize, mwandike kama anavyosema, bila kuongeza na bila kupunguza. Andikeni jina la msimulizi, kijiji na tarehe. Sehemu ambayo hamwiamini, iandikeni vilevile. Huenda siku moja ardhi ikachimbwa, na sehemu hiyo ikaonekana ndiyo ya kweli.

Mimi nami nimerudi kwenye darasa lile. Nimeandika ubaoni upya, na safari hii sikufuta mpaka mwashi aliposema ametosheka.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo mwisho wa somo letu la leo. Kwa herini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Gofu: jengo la zamani lililobomoka.
Kuba: paa la mviringo kama bakuli lililofunikwa.
Tumbawe: jiwe linalotoka baharini.
Boriti: mti wa mkoko wa kubebea dari.
Tarehe: hapa maana yake ni kitabu cha habari za zamani.
Mkalimani: mtu anayefasiri maneno kati ya watu wa lugha mbili.
Chembe za urithi: vitu vidogo mno mwilini ambavyo mtoto hurithi kwa wazazi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini majahazi mengi ya Arabuni na Bara Hindi yaliishia Kilwa, yasiende mpaka Sofala?
2. Kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Kilwa ni vyembamba?
3. Katika hadithi ya Mrimba, ni sehemu gani haiwezi kushikwa kuwa historia? Ni sehemu gani imepata ushahidi?
4. Mama mchuuzi alisema, "Nguo moja, watu ishirini." Alikuwa na maana gani?
5. Andika hadithi ya mahali palipo karibu na kwenu. Usisahau jina la msimulizi, kijiji na tarehe.